Ukoo wa Mzee Kibwana

Baba Mdogo Saidi: Assalaam aleykum. Mzee usiku kapandisha homa, daktari anasema nimonia. Kiharusi kimempata Jumamosi, leo Jumatano. Mapafu yameingiaje tena?

Shangazi Mwajuma: Feni ya wodini hiyo! Inampiga kifuani usiku kucha.

Rehema: Waaleykum salaam baba. Shangazi shikamoo. Feni haihusiki. Ubongo ukiumia vile, mwili unamwaga homoni za mshtuko, kotisoli na adrenalini. Zikizidi, limfosaiti zinapungua, zile seli nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Hata bandama, ghala la seli hizo, inaweza kusinyaa. Ndiyo maana karibu wagonjwa 30 kwa 100 wa kiharusi hupata maambukizi.

Baba Mdogo Saidi: Kama askari wa mwili kwenye ukimwi?

Rehema: Askari ni walewale baba, ila hapa hakuna kirusi. Ubongo wake mwenyewe ndio umewapunguza. Kwa wengi hurudi kadiri siku zinavyokwenda.

Juma: Si wangempa antibayotiki tangu siku ya kwanza?

Rehema: Walishajaribu Uholanzi na Uingereza, tafiti mbili zilizotoka 2015. Kuwapa watu dawa kabla hawajaugua nimonia hakukupunguza vifo. Sasa ameugua, dozi ni lazima aimalize.

Shangazi Mwajuma: Rehema mwanangu. Jana jioni nilimpa uji wa chupa ya chai. Kijiko cha nne akakohoa, sauti ikawa kama ana maji kooni. Nikamfuta mdomo, nikaendelea. Ni mimi?

Rehema: Shangazi, usijibebeshe. Koo limelegea, hata mate yake yanapita njia ya hewa. Wewe ukipaliwa, seli zako zinamaliza vijidudu kabla hujajua. Yeye kwa sasa hana nguvu hiyo. Ila kuanzia leo asipewe kitu mdomoni, hata zamzam, mpaka wampime kumeza. Na mdomo usafishwe kila siku, vijidudu vinavyoshuka kifuani vinatoka humo.

Mama Nasra: Sisi tulipanga kuja na watoto jioni.

Rehema: Nasra bado ana mafua?

Mama Nasra: Bado.

Rehema: Basi bakini Tandika dada, tutawapigia video.

Shangazi Mwajuma: Nipo wodini tangu saa kumi. Wameshamwekea mpira wa puani, kitanda wamekiinua. Nimemsugua meno kwa mswaki laini, kila jino, polepole. Kanibana kidole kwa mkono wa kushoto.

Baba Mdogo Saidi: Alhamdulillah. Zamu ya usiku nakuja mimi.