Tupeane uzoefu: vani kuukuu, miguu (vyuma na viungo vinavyoshika magurudumu) na injini

Dereva wa Zamu: Ndugu zangu, leo vani imenipita ikiruka tuta kwa mlio wa "ko-ko-ko", nikaikumbuka yangu ya zamani. Mwenye vani kuukuu aeleze yaliyomfika.

Abu Spana: Mlio huo naujua. Niliusikia majuma matatu nikijiambia ni bushi (mipira ya kuzuia vyuma visigongane) za stebilaiza, chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona, tu, ambazo zikilegea hupiga kelele lakini haziangushi gari. Asubuhi moja, nikiwa na mzigo na watu wanne, nilikata kona polepole, boljointi ya chini, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu, ikachomoka kwenye kikombe chake, tairi likalala chini ya gari, na usukani ukawa hauna kazi tena mikononi mwangu. Tuliburuzika hadi ukingoni mwa barabara. Hakuna aliyeumia, ila sauti ya chuma kikisaga lami hainitoki masikioni. Kifuniko cha mpira cha boljointi hiyo kilikuwa kimechanika siku nyingi, grisi imevuja na mchanga umeingia. Ningepiga jeki na kulitikisa gurudumu kwa wenzo, ulegevu ule ningeuona mapema.

Mama Mizigo: Pole sana, kaka. Mimi pia niliwahi kuupuuza mlio huo.

Mzee wa Rejeta: Kwa upande wa injini, yangu ilichemsha kila ilipopanda mlima. Nilitoa themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, na tangu hapo imetulia. Fanyeni hivyo.

Fundi Makini: Mzee wangu, kwa heshima, ushauri huo utawaumiza watu. Themostati nyingi hufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Ukiitoa, injini huchelewa kupata joto lake, hunywa mafuta mengi na hulika upesi. Kagua kwanza rejeta iliyoziba, pampu ya maji, na mfuniko wa rejeta usioshika presha.

Mzee wa Rejeta: Miaka miwili haijachemsha, nawe waniambia nimekosea?

Fundi Makini: Ndiyo, kwa sababu kilichoichemsha bado kimo humo.

Mama Mizigo: Tuache themostati kidogo. Abu Spana, ulibadilisha boljointi ya upande mmoja tu?

Abu Spana: Pande zote mbili, pamoja na bushi za mikono ya chini, vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari. Fundi wa kwanza alikaza bolti za bushi hizo magurudumu yakining'inia, mpira ukabaki umejipinda, ukachanika baada ya miezi michache. Wa pili alikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na bushi hizo zimeshika hadi leo.