Mipaka ya kumheshimu mchungaji: tuandike nini kwenye mwongozo wa kanisa?

Karani_wa_Baraza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisa letu ni la kipentekoste, washirika kama 300, lina mchungaji kiongozi mmoja na wasaidizi wawili. Baraza la wazee limeagiza uandikwe mwongozo wa kurasa mbili kuhusu kumtunza na kumheshimu mchungaji bila kuvuka mpaka. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeuomba, kwa hiyo hakuna ugomvi hapa.

Yanayotusumbua ni haya. Washirika wanampigia magoti wakimsalimia. Picha yake imeanza kuwekwa kwenye stika za magari na chupa za mafuta. Baadhi ya sadaka zinatumwa moja kwa moja kwenye simu yake. Kuna sherehe ya miaka 15 ya huduma inayokuja, na kamati imeshataja gari. Na kila mtu akiuliza mapato na matumizi, anajibiwa "msiwaguse masihi wangu", yaani watiwa mafuta wa Mungu. Naomba wanaolijua jambo hili watusaidie: kipi kiandikwe, kipi kiachwe, na miongozo ya namna hii hukwama wapi?

Mwalimu_wa_Neno

Ndugu Karani, anzeni na hilo la masihi. Lisipotatuliwa, kila mtakachoandika kitazimwa nalo.

Maneno hayo yako Zaburi 105:15 na 1 Nyakati 16:22. Isomeni zaburi kuanzia mstari wa 9. Wanaolindwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo na watu wao, wakiwa wachache, wageni, wakihama kutoka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Zaburi hiyo inamkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Ukiichukua ukamkinga nayo kiongozi dhidi ya mama mjane anayeuliza fedha za ujenzi zimefika wapi, umeigeuza kichwa chini miguu juu.

Wengine watakimbilia kwa Daudi na Sauli, 1 Samweli 24. Sawa, Daudi alikataa kumuua Sauli kwa kuwa alikuwa mfalme aliyetiwa mafuta. Lakini hakukataa kumwambia kosa lake: alitoka pangoni, akamwita, akamweleza waziwazi, na Sauli alikuwa na jeshi lake hapo. Baadaye Daudi naye alikuwa mfalme aliyetiwa mafuta, na Nathani alimwendea akamwambia uso kwa uso (2 Samweli 12). Paulo alimpinga Petro mbele ya wote kule Antiokia (Wagalatia 2:11-14), na Petro hakumwambia ameugusa upako.

Kifungu cha kuweka kwenye mwongozo ni 1 Timotheo 5:17-20, kwa sababu kinashika pande zote: heshima maradufu kwa wazee watawalao vema, mashtaka yasipokelewe bila mashahidi wawili au watatu, na wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Mchungaji anakingwa dhidi ya uzushi, na kanisa linakingwa dhidi ya mchungaji asiyeulizwa.

Sasa utekelezaji. Miongozo mingi hufa hapa, kwa kuandika "kila mshirika ana haki ya kuuliza" bila kusema anamwuliza nani. Andikeni kwamba swali au lalamiko linaandikwa na kupokelewa na katibu wa baraza, ambaye asiwe ndugu wa mchungaji wala mwajiriwa wake. Wekeni muda wa kujibu, mathalani siku 30. Likimhusu mchungaji mwenyewe, asikae kwenye kiti siku hiyo: kikao kiongozwe na makamu au mwangalizi wa jimbo. Na mtu akishauliza, jina lake lisitajwe madhabahuni kwa mafumbo Jumapili inayofuata. Hilo liandikwe wazi, maana mahubiri ya kumpiga mtu kijembe ndiyo yanayowafunza watu wengine kunyamaza.

Kuhusu magoti nawashauri msipige marufuku. Kanda ya Ziwa na Uganda binti humpigia magoti mkubwa wake kila siku, na ni adabu tu. Kipimo kiwe hiki: je, mzee wa umri wake ambaye si mchungaji angesalimiwa hivyo? Bibi wa miaka 70 akimpigia magoti mchungaji wa miaka 40, hiyo si mila tena. Hapo mchungaji afanye kama Petro, ambaye Kornelio alipomwangukia miguuni alimwinua akamwambia, "Simama, mimi nami ni mwanadamu" (Matendo 10:26). Amwinue palepale, kwa upole na kwa mkono wake. Akisubiri kulisema kwenye mahubiri, watu wataitikia amina kisha waendelee.

Mhazini_Mstaafu

Nitasema ya fedha tu.

Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio na undugu kati yao wala na mchungaji, mara baada ya ibada, kabla mtu yeyote hajaondoka na chombo. Fomu iwe na nakala mbili, wote watatu watie sahihi, moja kwa mhazini, nyingine kwa katibu. Fedha ziende benki siku ya kazi inayofuata zikiwa kamili. Wasitoe kwanza "ya mafuta ya gari la mchungaji" ndipo wapeleke zilizobaki. Matumizi yakilipwa kutoka kwenye kapu, hakuna mkaguzi atakayeweza kulinganisha fomu na taarifa ya benki.

Za simu: fungueni lipa namba kwa jina la kanisa, ibandikwe ukutani, na kila mwezi taarifa yake ichapishwe na kusainiwa na wawili. Namba binafsi ya mchungaji isitangazwe kamwe kwa ajili ya sadaka, hata kwa dharura. Mtu akimtumia fungu la kumi kwenye simu yake, alihamishie kanisani kabla ya saa 24 na kumjulisha mtumaji. Tatizo hapa si wizi peke yake. Anayetuma kwa siri hupigiwa simu, huombewa kwa jina, huwekwa kiti cha mbele, na polepole mchungaji anajikuta ana kundi la watu asioweza kuwaonya kwa sababu amekula kwao.

Zawadi binafsi zisikatazwe. Kuku, mchele, kitenge cha mama, hayo ni mapendo. Wekeni kiwango ambacho kikizidi, mchungaji anakijulisha baraza na kinaandikwa kwenye daftari. Kwa kanisa la watu 300 shilingi 200,000 inatosha kuanzia, mtarekebisha kila mwaka.

Kiwanja, jengo na akaunti visiwe kwa jina la mtu. Kwa Tanzania, bodi ya wadhamini isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na hati zitoke kwa jina la wadhamini. Makanisa mengi yamegawanyika kwa sababu hati ilikuwa na jina la mwanzilishi, na alipofariki watoto wake wakadai urithi.

Mlezi_wa_Wachungaji

Naunga mkono ya Mhazini, ila kuna mzizi ambao hamjaugusa. Mchungaji asiye na posho ya kudumu hula kwa kupendwa. Kila Jumapili anajua kwamba akikemea, wiki hiyo nyumbani patakuwa pakavu, na akisifiwa, bahasha zitakuja. Hapo mnamfundisha kutafuta sifa kama njia ya kuishi, halafu mnamwandikia mwongozo wa unyenyekevu.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe wa matunzo: posho ya mwezi iliyoandikwa kwa tarakimu na kulipwa tarehe ileile, nyumba au kodi yake, bima ya afya ya familia, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara ikigawanywa kati ya mwajiri na mwajiriwa. Siku moja ya mapumziko kila wiki, likizo ya mwezi kila mwaka. Mkishatimiza hayo mna haki ya kudai ukurasa wa pili.

Na ukurasa wa pili uwe na mambo ambayo mchungaji anayafanya yeye. Kwanza, mimbari. Jumapili moja kati ya nne ahubiri mwingine, na mchungaji akae kwenye mabenchi na familia yake, asikilize hadi mwisho. Pimeni mahudhurio ya siku hizo. Yakishuka sana, mjue watu wanamfuata mtu, na darasa la waongofu lianze upya na 1 Wakorintho 3, pale Paulo anapouliza yeye na Apolo ni nani hasa.

Pili, awe na mtu wa nje. Mchungaji mkubwa kwake, wa kanisa jingine, asiyelipwa naye wala kualikwa kuhubiri kwake, ambaye kila baada ya miezi mitatu anamwuliza habari za ndoa, fedha, maombi na hasira. Jina la mtu huyo lijulikane na baraza. Akiwa ni rafiki aliyemchagua mwenyewe kwa siri, kazi haifanyiki, kwa sababu hakuna atakayejua wameacha kuonana.

Tatu, namna ya kupokea sifa. Mtu akisema "Baba, leo umetulisha", jibu lenye faida ni swali: umeshika neno gani, utalifanyia nini? Kukana kwa maneno mengi ("mimi si kitu, mimi ni mavumbi") huwafanya watu wasifu zaidi, safari hii wakisifu unyenyekevu wake.

Someni pia habari za mji wa Listra, Matendo 14. Watu walewale walioleta ng'ombe na maua wawatolee Paulo na Barnaba dhabihu, mistari michache mbele wameshawishiwa na sasa wanampiga Paulo mawe. Sifa iliyopita kiasi haina mizizi. Mchungaji anayekuzwa leo kuliko mwanadamu, siku akikosea kama mwanadamu hatasamehewa kama mwanadamu, na mke na watoto wake wataangushwa pamoja naye.

Katekista_K

Niongeze la stika na mafuta, kwa kuwa naona limepitwa.

Yaondoeni yote, bila kutafuta njia ya katikati. Kuombea mgonjwa kwa mafuta kumeandikwa, Yakobo 5:14, na wanaoitwa ni wazee wa kanisa, kwa wingi. Hakuna chupa yenye sura ya mtu. Nyoka ya shaba ilitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, watu wakapona kweli, na bado mfalme Hezekia alipokuta Israeli wanaifukizia uvumba aliivunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Kama kitu kilichoagizwa na Mungu kilivunjwa, chupa iliyoagizwa kiwandani haina utetezi.

Na tusidhani ni jambo dogo la mapambo. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kikundi kimoja cha dini waliteketea. Guyana mwaka 1978 walikufa zaidi ya 900 chini ya mhubiri Mmarekani Jim Jones, na walikuwa wakimwita Baba.

Silinganishi kanisa la ndugu yetu na hayo. Naangalia njia iliyofuatwa, na alama zake zinajulikana mapema: kiongozi anaamua nani amwone daktari na nani asimwone, watu wanaambiwa wakate ndugu zao, watoto wanatolewa shule, nyumba zinauzwa na fedha zinakabidhiwa kwake, wanaotoka wanaitwa waasi na salamu zao zinakatazwa. Moja tu kati ya hizi ikitokea, baraza lisisubiri kikao cha kawaida. Hospitali na shule ziandikwe kwa majina kwenye mwongozo: "Hakuna mtumishi wa kanisa hili anayeruhusiwa kumwambia mshirika aache dawa." Sentensi hiyo isomwe hadharani kila mwaka.

Karani_wa_Baraza

Asanteni sana, na nimeandika kila kitu. Limebaki la sherehe na gari. Kamati inasema kumkatalia mchungaji zawadi ni kumvunjia heshima, na wengine wameanza kuahidi fedha.

Mwalimu_wa_Neno

Sherehe ifanyike. Miaka 15 ya kuamka usiku kwenda kwenye misiba ya watu si kitu cha kupita kimya.

Kabla ya gari, someni Gideoni, Waamuzi 8:22-27. Alipoombwa na Waisraeli awatawale alikataa vizuri kabisa, kwamba Bwana ndiye atakayewatawala. Kisha palepale akaomba pete za masikio kutoka kwenye nyara. Zilipopimwa zikawa shekeli 1,700 za dhahabu, akatengeneza naivera (vazi la kikuhani), akaiweka mjini kwake Ofra, na ikawa tanzi kwake na nyumba yake. Cheo alikikataa kwa kinywa, mikono ikapokea dhahabu. Unyenyekevu wa mchungaji wenu watu watauona kwenye bajeti ya sherehe hii kuliko kwenye hotuba yake ya shukrani.

Pangeni hivi. Shukrani iwe ndani ya ibada ya kawaida, si siku yake peke yake, na wasaidizi wake wawili, mlinzi, mfagizi na walimu wa watoto watajwe na kupewa chochote pia. Wanaosema wawe watatu tu, dakika tano kila mmoja, na kila mmoja ataje jambo alilolifanya mchungaji: alimtembelea nani, alifundisha nini. "Wewe ni malaika wetu" ikatwe kwenye rasimu. Kutupiana noti madhabahuni kusiwepo, wala orodha ya waliotoa isisomwe.

Gari kwanza lijadiliwe kama hitaji. Je, vituo anavyohudumia viko mbali? Kama ndiyo, liwe gari la kanisa, aina inayovumilia barabara hizo, lenye bajeti ya mafuta, bima na matengenezo kwa mwaka mzima, na wasaidizi nao walitumie kwa ratiba. Kama ni zawadi yake binafsi, isemwe hivyo kabla ya kuanza kuchanga, na kusiwe na kiwango cha lazima kwa familia. Lisilofaa ni la katikati: kuchangisha kwa jina la kanisa, kisha kadi ikatoka kwa jina la mtu. Zile ahadi zilizokwisha tolewa, mhazini aandike majina na viwango leo, awaulize walioahidi mmoja mmoja ni lipi kati ya hayo mawili walilokusudia, na asipokee hata shilingi mpaka baraza limeandika kwenye muhtasari kadi itasomeka jina la nani.