Telomea fupi na moyo: mama alifariki na 53, nikapime na mimi?

binti_wa_mwisho
Habari zenu wapendwa, naomba msaada maana wiki ya pili sasa silali vizuri. Nina miaka 41. Mama yetu alifariki kwa moyo akiwa na 53, jioni ile alikaa ukingoni mwa kitanda amejishika taya anasema jino linamsumbua, tukahangaika na dawa ya jino, alfajiri hayupo tena. Sasa dada yangu kapima telomea kwenye maabara moja binafsi, karatasi inasema zake ni fupi na "umri wa seli" zake ni miaka 58 wakati yeye ana 46. Kalia siku nzima. Kama ni kitu cha kurithi si na mimi ninacho? Na kweli telomea fupi inaleta ugonjwa wa moyo au ni maneno tu ya kuuza vipimo?

fundi_maabara
Pole sana dada. Niko kwenye kazi hizi za vipimo kwa hiyo acha nieleze taratibu. Telomea ni ile sehemu ya mwisho ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, herufi za DNA TTAGGG zimejirudia maelfu ya mara, inazuia ncha zisiharibike kama pindo la nguo linavyozuia nyuzi zisifumuke. Kila seli ikigawanyika pindo linapungua kidogo. Kurithi ni kweli, urefu wake kwa sehemu kubwa unatoka kwa wazazi, jeni kama TERT na TERC zinahusika, na wanawake kwa wastani wanazo ndefu kidogo kuliko wanaume.

Kuhusu moyo si uongo. Uchambuzi wa 2014 uliounganisha tafiti 24 ulikuta theluthi ya watu wenye telomea fupi zaidi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu 54% juu ya theluthi yenye ndefu zaidi. Na hata ukiangalia jeni peke yake, ambazo mtu kazaliwa nazo kabla hajavuta sigara wala kunenepa, mwelekeo ni uleule. Ila hiyo ni hesabu ya makundi ya watu, sio ya dada yako! Watu wa umri mmoja wanatofautiana sana, na damu ileile ukiipima mara mbili majibu yanaweza kupishana, tena tunapima chembe nyeupe za damu, moyo wenyewe hatujaugusa. Hiyo 58 mimi nisingeiandika kwenye karatasi ya mtu.

mtafiti_wa_afya
Mi nimeona vidonge vya kurefusha telomea, vipi hivyo?

fundi_maabara
@mtafiti_wa_afya achana navyo. Telomea ndefu kupita kiasi nazo zina ubaya, uchambuzi wa jeni wa 2017 ulionyesha wenye ndefu wana hatari zaidi ya baadhi ya saratani, mojawapo ya mapafu. Seli isiyochoka kugawanyika sio rafiki.

nesi_mstaafu
Mwanangu pole kwa mama. Lile taya ndo limeniuma, kwa wanawake mshtuko wa moyo mara nyingi unakuja na taya, mgongo, kichefuchefu, pumzi kukata, uchovu usioelezeka, na watu wanatafuta jino. Hamkukosea nyie, hata hospitali inapitwa.

Sasa nisikilize. Mama kupata moyo kabla ya 65 tayari ni historia ya familia yenye uzito, ina maana kuliko ile karatasi. Nakuuliza, ulipata presha ukiwa mjamzito? Kisukari cha mimba? Hedhi ilikoma kabla ya 40? Kolesteroli mmepima lini?

binti_wa_mwisho
Mama nesi umenishtua. Mimba ya pili presha ilipanda na protini kwenye mkojo, nikazalishwa wiki ya 34. Ikashuka, nikaambiwa nimepona, miaka tisa hakuna aliyeniuliza tena. Kolesteroli sijawahi na dada naye hajawahi, yaani kakimbilia telomea.

nesi_mstaafu
Basi hapo ndo pa kuanzia. Presha ya mimba ya aina hiyo inakaribia kuongeza hatari ya moyo mara mbili huko mbele hata kama ilishuka. Mwambie daktari hivohivo, asipoandika rudia. Pimeni presha, sukari, kolesteroli mbaya yaani LDL, na ombeni lipoproteini a, aina nyingine ya mafuta ya damu, hiyo ni ya kurithi kwa sehemu kubwa na kwa wengi kupima mara moja kunatosha. LDL ikiwa juu sana waulize kuhusu kolesteroli ya kurithi, iko kwa karibu mtu 1 kati ya 250, na ikionekana watoto nao wapimwe. Presha, sukari na LDL vina dawa. Telomea haina.

binti_wa_mwisho
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia dada, tunaenda wote Jumatatu. Nimeandika kwenye karatasi kabisa nisije nikasahau mbele ya daktari: mama 53, taya, presha ya mimba wiki ya 34. Majibu yakitoka narudi hapa.

nesi_mstaafu
Ongeza na umri wa baba kama naye alipata moyo, hasa ikiwa ni kabla ya 55.