Ushauri: Siku nne kwa miguu hadi Machu Picchu, Juni mwakani. Tujiandae vipi?

Mkaa_Upanga

Habari za jioni wakuu. Mimi na mdogo wangu wa kike tunapanga kwenda Peru Juni mwakani, tutembee ile njia ya kale ya Wainka, Inca Trail, siku nne hadi Machu Picchu. Tunaishi Dar, usawa wa bahari kabisa. Mdogo wangu ana miaka 29, mimi 41. Wote wazima, ila goti langu la kulia huuma nikishuka ngazi nyingi.

Naomba kujua: kibali kinapatikanaje na tuanze lini? Mtu wa Dar afanye mazoezi gani? Cusco iko mita 3,400, tufike siku ngapi kabla ya safari? Na mizigo: kipi tununue, kipi tukodi kulekule? Wenye kuijua njia hii watupe namba na vipimo tafadhali, maneno ya jumla tumeshayasoma.

Jabali_la_Lushoto

Karibu mkuu. Anza na kibali, mengine yote yanafuata hapo.

Njia hii hairuhusiwi kutembewa bila wakala mwenye leseni na mwongozaji. Kwa siku wanaingia watu 500 tu, na hesabu hiyo inajumlisha wapagazi, wapishi na waongozaji, kwa hiyo wageni wenyewe ni kama 200. Juni iko katikati ya majira yao ya ukame, vibali vyake ni kati ya vinavyoisha mapema. Kamilisha malipo ya awali miezi 6 hadi 8 kabla. Februari yote njia hufungwa kwa matengenezo.

Kibali kinaandikwa jina na namba ya pasipoti, na hakihamishiki kwa mtu mwingine. Hapa ndipo wengi huumia: mtu analipia kibali na pasipoti ya zamani, kisha anaibadilisha kabla ya safari, anafika geti la Km 82, njia inapoanzia, namba hazilingani. Kama pasipoti zenu zinakaribia kuisha, badilisheni kwanza ndipo mlipe. Kama haikuwezekana, mwarifuni wakala mapema na mbebe zote mbili, ya zamani na mpya. Nakala ya fotokopi haikubaliki getini.

Viza ya Peru na ya nchi mtakayopitia angalieni kabla ya kulipa fedha isiyorudishwa. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, mtapita Ulaya au Brazili. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu mnatoka ukanda wenye ugonjwa huo.

Jambo la mwisho kuhusu Juni: tarehe 24 Cusco ina sikukuu ya Inti Raymi, hoteli hujaa wiki nzima. Panga kabla au baada, au weka nafasi ya chumba siku ileile unayolipia kibali.

MpandaMeru

Kaka, tuangalie njia yenyewe, maana hapo ndipo utajua ufanye mazoezi gani.

Urefu ni kilomita kama 43. Siku ya kwanza mnaanzia Km 82, mita 2,700 hivi, mnatembea taratibu hadi Wayllabamba, mita 3,000. Siku hiyo hudanganya watu, ni nyepesi. Siku ya pili mnapanda hadi kipito cha Warmiwañusca, mita 4,215, yaani mita 1,200 kwenda juu bila kupumzishwa na tambarare, halafu mnashuka mita 600 hivi kwa ngazi za mawe hadi Pacaymayo. Siku ya tatu ndiyo ndefu, kilomita kama 16: kipito kingine karibu na mita 3,950, kisha kutoka Phuyupatamarca, mita 3,670, mnateremka hadi Wiñay Wayna, mita 2,650. Hiyo ni kilomita moja wima ya kushuka, sehemu kubwa ni vidato vya mawe. Siku ya nne mnaamshwa saa tisa au tisa na nusu usiku, mnapanga foleni kwenye kizuizi mpaka kifunguliwe saa kumi na moja na nusu, kisha Inti Punku (Lango la Jua) na Machu Picchu.

Kwa hiyo adui wa goti lako ni siku ya tatu. Mtu aliyezoea udongo wa Meru au Kilimanjaro hushangaa hapa: vidato havilingani, kimoja kifupi kama tofali, kinachofuata kinafika karibu na goti. Huwezi kushika mwendo mmoja.

Mazoezi ya Dar: tafuta jengo la ghorofa kumi lenye ngazi zinazoruhusiwa. Ghorofa moja ni kama mita 3, hivyo jengo zima ni mita 30, na siku ya pili ya safari ni sawa na kulipanda mara 40. Anza mara 5, ongeza mbili kila wiki, ufike mara 15 hadi 20 ukiwa na begi la kilo 6. Na usishuke kwa lifti! Misuli ya mbele ya paja hujengeka kwa ajili ya mteremko wakati wa kushuka, na ndiyo inayopokea uzito badala ya goti. Wanaofanya mazoezi ya kupanda tu ndio hukwama siku ya tatu. Mara mbili au tatu kabla ya safari nendeni Morogoro mpande Uluguru hadi Morningside siku mbili mfululizo. Hiyo siku ya pili, miguu ikiwa tayari imechoka, ndiyo mtihani.

Namna ya kushuka: refusha fimbo zako sentimita 5 hadi 10 kuliko za kupandia. Tanguliza fimbo zote mbili kwenye kidato cha chini, kisha mguu wenye goti bovu, kisha mzima. Kidato kirefu geuka ubavu, weka wayo wote, usitue kwa kisigino. Usiruke hata kama kidato ni kifupi, maana jiwe lenye umande linateleza kama sabuni. Goti hilo lionwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo sasa hivi, miezi bado ipo.

Bi_Safari

Nakazia la fimbo: zenye ncha ya chuma tupu haziruhusiwi, zinachimba mawe ya Wainka. Lazima ziwe na kofia za mpira, na beba kofia za akiba mbili kwa kila mtu, maana zinanasa kwenye nyufa na kuchomoka bila mwenyewe kujua.

Mzee_wa_Mawenzi

Kuhusu mwinuko. Kosa kubwa la wanaotoka pwani ni kuruka kutoka Lima, ambayo nayo iko pwani, hadi Cusco kwa saa moja na kidogo, kisha kulala hapohapo mita 3,400 na kesho yake kuzunguka mji mzima. Mwili haujapewa nafasi.

Fanyeni hivi. Mkitua Cusco, chukueni gari moja kwa moja hadi Urubamba au Ollantaytambo kwenye Bonde Takatifu, mita 2,800 hivi. Laleni huko usiku mbili. Kisha rudini Cusco usiku mbili, ndipo safari ianze. Siku mbili za mwanzo hakuna pombe, chakula kiwe chepesi, maji ya kutosha, mwendo wa pole pole kama Kilimanjaro.

Dawa ya Diamox, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulizeni daktari kabla ya kuondoka. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inasababisha ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara, msishtuke. Mwenye mzio wa dawa za salfa lazima amwambie daktari. Ijaribuni siku moja hapa nyumbani, ili kama kuna madhara muyajue mkiwa karibu na hospitali.

Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida. Ila mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, huyo anashushwa mara moja, hata kama ni usiku. Mwambieni mwongozaji ukweli mapema. Asubuhi ya siku ya pili bado unaweza kurudi nyuma na kutoka. Ukishavuka Warmiwañusca, kurudi ni kupanda tena, na barabara ya gari hakuna popote. Watu huficha kuumwa ili wasiharibu safari ya wenzao, na hapo ndipo mambo huharibika kabisa.

Bima isomeni kifungu cha mita. Nyingi zina kikomo cha mwinuko, nanyi mnahitaji inayofika walau mita 4,500 na kulipia uokoaji.

Chai ya majani ya koka mtapewa kila mahali, kunyweni, ni halali Peru. Ila msirudi na hata jani moja kwenye begi. Viwanja vya ndege vya nchi nyingine hulihesabu kama dawa za kulevya.

Bi_Safari

Sasa mizigo, na hapa nasema na mdogo wako pia.

Mkilipia mpagazi wa vitu binafsi, kwa kawaida mnapewa kilo 7 kila mmoja, na kilo hizo zinahesabu begi la kulalia na godoro dogo. Begi la kulalia kilo 1.5 hadi 2, godoro nusu kilo hadi moja, unabaki na kilo 4 za nguo. Pimeni nyumbani kwa mizani. Begi hilo mtaliona jioni tu, kwa hiyo koti la mvua, sweta, maji, dawa, pasipoti na krimu ya jua vikae mgongoni mwako mchana.

Kodini Cusco: begi la kulalia la nyuzi hasi 10, godoro, fimbo. Juni usiku hushuka karibu na sifuri na wakati mwingine chini yake. Nunueni ninyi: viatu na soksi. Viatu vivaliwe walau wiki sita kabla, na ukubwa uache nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukisogeza mguu mbele. Kwenye mteremko vidole hugonga ncha ya kiatu na kucha huwa nyeusi. Kateni kucha siku mbili kabla. Kabla ya kushuka kaza kamba upya, pitisha kwenye matundu ya juu kabisa uibane kisigino kisiteleze. Ukihisi joto sehemu moja ya mguu, simama papo hapo ubandike plasta. Ukisubiri mapumziko, lengelenge limeshatunga.

Jinzi acheni Dar. Ikilowa haikauki. Nguo ya ndani ya sufu au polista, juu yake fulana nzito, juu kabisa koti la mvua. Kofia ya sufu na glavu kwa usiku, kofia pana kwa mchana, jua la juu huko linaunguza hata likiwa na mawingu.

Maji: anzeni na lita 2 kila mmoja. Baadaye wapishi huchemsha na kugawa asubuhi. Bebeni vidonge vya kutakasa pia, na maji ya baridi yapeni muda zaidi ya ule ulioandikwa kwenye pakiti.

Dada, beba pedi hata kama tarehe haijafika, mwinuko huvuruga mzunguko, pamoja na mifuko ya kufungia taka urudi nazo. Vyoo ni vya kuchuchumaa, karatasi ni yako. Umeme hakuna kabisa siku zote nne, lala na simu ndani ya begi la kulalia maana baridi hula betri. Na dawa ya wadudu itunzeni kwa siku ya mwisho: Machu Picchu kuna inzi wadogo wanaouma vifundo vya miguu, alama hukaa wiki.

Nyayo77

Naongeza kuhusu wapagazi, maana sisi tunaotoka nchi ya wagumu wa Kilimanjaro tunapaswa kulijali hili. Sheria ya Peru inataka mpagazi wa kiume asizidishe kilo 20 pamoja na vitu vyake, na mizigo hupimwa kwenye kizuizi. Muulizeni wakala kwa maandishi: wapagazi wanalala kwenye hema lao au kwenye hema la chakula? Wana godoro? Wanakula nini? Wana bima? Bei ikiwa chini sana kuliko za wengine, kilichopunguzwa ni hicho.

Bahasha ya shukrani iandaeni kwa noti ndogo za soli 10 na 20 mkiwa Cusco, njiani hakuna benki. Toeni jioni ya siku ya tatu, kwa mkono wa kila mmoja, kwa sababu alfajiri ya siku ya nne wapagazi hukimbilia treni na hamtawaona tena. Wengi wao lugha yao ni Kikechua. Asante ni *sulpayki*.

Mkaa_Upanga

Wakuu, nashukuru sana, nimeyaandika yote. Mawili tu: kibali kikikosekana kabisa tufanye nini? Na njiani magofu yapi tusiyapite haraka?

Jabali_la_Lushoto

Kikikosekana, kuna Salkantay, nzuri kwa milima ila kipito chake kinazidi mita 4,600 na magofu yake njiani ni machache. Kama moyo wenu uko kwenye magofu, nendeni Choquequirao. Haina kikomo cha vibali kama hiki, wageni ni wachache, nanyi mtakuwa karibu peke yenu kwenye mji wa Wainka. Lakini kwa goti lako fikiria mara mbili: mnashuka bonde la mto Apurímac hadi mita 1,500 hivi, mnapanda upande wa pili mita nyingine 1,500, kisha mnarudi njia ileile. Mtaalamu wa viungo akikuzuia, chukueni kibali cha siku moja kutoka Km 104. Hicho pia hulipiwa mapema, na kinapita Wiñay Wayna na Inti Punku.

MpandaMeru

La magofu: Runkurakay, jengo la mviringo kati ya vipito viwili, litazame wakati wa kupumua. Sayacmarca ina ngazi nyembamba za kupandia pembeni mwa njia, na wengi waliochoka huipita. Pandeni, acheni begi chini. Ila kubwa ni Wiñay Wayna. Kambi ya tatu iko dakika chache tu kutoka hapo, na watu hufika, wanavua viatu, wanalala. Matuta yake ya kilimo yamepangwa kwa mkunjo wa mlima, na mabirika ya maji yanashuka moja baada ya jingine katikati. Mwambieni mwongozaji asubuhi ya siku ya tatu kwamba mnataka kufika huko kabla ya saa kumi jioni, ili apange mwendo wenu na mapumziko ya chakula kufuatana na hilo.