Mrejesho: kichefuchefu cha mama baada ya kemo
Wakuu, niliuliza kwa nini mama bado anachefuka wiki tatu baada ya kemo (dawa za saratani) ya mwisho, na ondansetroni, dawa ya kuzuia kichefuchefu, anameza. Kumbe dawa hiyo hufunga choo. Choo kikikaa siku nne bila kutoka, tumbo hujaa na kichefuchefu hurudi. Daktari ameisimamisha, akaandika laktulosi (dawa ya kulainisha choo) mililita 15 asubuhi na jioni, na metoklopramaidi (dawa nyingine ya kichefuchefu) miligramu 10 nusu saa kabla ya kula, mara tatu kwa siku, siku tano tu. Metoklopramaidi ikizidi inaweza kukaza misuli ya shingo na taya. Uji ni nusu kikombe kila saa mbili, uliopoa, maana mvuke wa uji wa moto ndio unaomchefua. Maji ni mafunda madogo kati ya milo. Vitunguu tunakaangia nje, harufu isimfikie. Choo kilifunguka siku ya pili.