Naomba ushauri: ratiba ya zamu inanivunjia nyumba, nihame hospitali?

Muuguzi wa Katuba: Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya serikali hapa Lubumbashi, na wagonjwa hawanichoshi kama inavyonichosha ratiba. Karatasi ya zamu hubandikwa mlangoni Jumapili jioni, na kufikia Jumanne imekwisha kukatwakatwa kwa kalamu, hata siwezi kumwambia mdogo wangu aje lini kuniangalizia watoto, wala kumwahidi mume wangu, aliye mgodini Kolwezi, kwamba atanikuta nyumbani mwisho wa juma. Nikitoka zamu ya usiku nalala chini ya bati lililokwisha kupata moto, na usingizi unapoanza kukolea, watoto wanarudi kutoka shuleni. Matrikuli, yaani namba ya mtumishi wa serikali inayompa mtu mshahara, sina bado. Naishi kwa primu, yaani posho inayotokana na malipo ya wagonjwa, na anayekataa zamu hukatwa. Kliniki moja ya binafsi imeniita. Niende?

Mama wa Kampemba: Pole sana, dada. Kabla hujaondoka, uliza usiku mtakuwa wauguzi wangapi, na asipofika wa kukupokea asubuhi itakuwaje. Mimi nilihamia kwenye kliniki ya namna hiyo: mshahara ulifika kwa wakati, lakini usiku nilikuwa peke yangu, na mwenzangu akichelewa niliendelea mpaka mchana.

Mume wa Muuguzi Mwingine: Mumeo analijua hili lote, au anasikia tu kwamba umechoka?

Mzee wa Wodi: Binti yangu, nimepanga ratiba za wauguzi mpaka nilipostaafu. Mara nyingi karatasi haikatwi kwa ubaya wa mkuu. Wasio na mshahara hutoroka kutafuta minervali, yaani karo ya shule, ya watoto kwingine, na pengo lao huzibwa na anayepatikana. Hata hivyo, Pendekezo Namba 157 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1977, linataka muuguzi ajulishwe ratiba mapema ili aweze kupanga maisha ya familia yake, na apumzike angalau saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu. Pendekezo halina nguvu ya sheria, lakini mkuu wa wauguzi atashindwa kusema kwamba mmelitunga ninyi. Msiende kulalamika; nendeni wodi nzima na ratiba ya mwezi mliyokwisha kuiandika, yenye nafasi ya watu wawili kubadilishana zamu kwa saini zao.

Muuguzi wa Katuba: Asanteni. Mume wangu anajua nusu tu, nitamweleza. Kliniki nitaijibu baada ya kuzungumza na wenzangu. Ila, Baba, watu wakibadilishana zamu, primu ihesabiwe kwa nani?

Mzee wa Wodi: Kwa aliyekesha. Liandikeni hilo kwenye karatasi ileile kabla ya mtu yeyote kutia saini, kwa maana ndilo litakalowagombanisha.