Almasi ya duara ya karati mbili: niamini cheti, muuzaji au macho yangu?

MzigoKkoo anauliza:

Wakuu, habari za leo. Niko Deira, Dubai, nimekuja kufunga mzigo wa vitenge, narudi Dar Jumapili usiku. Mwezi ujao mimi na mama watoto tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Siku ya harusi nilimvisha pete ya fedha niliyoazima kwa shemeji, na ile aibu haijanitoka (yeye hucheka, mimi sicheki). Safari hii nataka jiwe la haja, la duara, karati mbili.

Nimezunguka Soko la Dhahabu siku mbili nikabaki na mawe mawili, yote duka moja, yote yana cheti cha GIA (maabara ya Marekani inayopima vito), rangi H (karibu nyeupe), usafi VS2 (dosari ndogo sana). Nanakili kutoka daftarini:

La kwanza: karati 2.01. Upana milimita 7.88 hadi 7.92, kwenda chini 5.07, yaani kina asilimia 64.2 ya upana. Uso bapa wa juu asilimia 57 ya upana. Pembe ya juu nyuzi 36, ya chini 41.4. Mkato wameandika "Very Good".

La pili: karati 1.92. Upana 7.98 hadi 8.01, kwenda chini 4.92, kina asilimia 61.5. Uso wa juu 56. Pembe ya juu 34.5, ya chini 40.8. Mkato "Excellent".

Muuzaji anang'ang'ania la kwanza kwa kuwa ni "mbili kamili", na bei yake imezidi kwa karibu moja ya sita. Chini ya taa zake yote mawili yanawaka vilevile. Kitenge nakijua kwa kukishika tu, hata gizani. Hapa ni kipofu kabisa. Anayeelewa anisaidie kabla ya Jumapili.

Bwana_Kiwanja anajibu:

Mkuu, hiyo hela nunua kiwanja Kibaha, almasi hailiwi. Ila kama umeamua, weka jiwe kifudifudi juu ya gazeti. Ukisoma maandishi kupitia jiwe, umepigwa.

BabuGurudumu anajibu:

Hiyo ya gazeti ni ya kumnasa mwenye kioo, ndugu yangu, haimsaidii aliyeshika almasi mbili za kweli. Na hata feki haizikamati zote: moisanaiti, jiwe la maabara linalofanana na almasi, inapinda mwanga kuliko almasi yenyewe, gazeti hulisomi ng'o.

Mdogo wangu wa Kariakoo, mimi nilichonga almasi Iringa, kwenye kiwanda cha Tancut, miaka ya 1980. Unakaa mbele ya gurudumu la chuma lililopakwa unga wa almasi na mafuta, jiwe limebanwa kwenye mkono wake, unaligusisha, unalinyanyua, unalitazama kwa lenzi, unalirudisha. Siku nzima. Jiwe la duara lina nyuso 57, au 58 ukihesabu kile kijiuso cha kwenye ncha ya chini. Sisi tulikuwa tunasema taji kwa sehemu ya juu, mkanda kwa ule ukingo wa katikati, na kitako kwa chini. Nitatumia hayo hayo.

Adui wa mkato mzuri ni mizani. Ile almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ya mwaka 1947, ambayo Williamson mwenye mgodi alimpa Princess Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya harusi, ilitoka ardhini na karati 54.5. Ilipomaliza kuchongwa zilibaki 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda unga! Sasa mchongaji wa kawaida akiona jiwe lake litaishia 1.9 likichongwa inavyotakiwa, shetani humnong'oneza: acha kitako kirefu, acha mkanda mnene, ufike 2.01. Maana bei ya kila karati inapanda ngazi jiwe likivuka mbili. Soma tena daftari lako. La kwanza ni zito, lakini ni jembamba kuliko la pili! Uzito ulioongezewa bei umejificha chini, ndani ya dhahabu ya pete, ambako mkeo hatauona milele.

Wala sijifanyi mtakatifu. Nami niliwahi kukiacha kitako kisimame mno ili niokoe uzito. Mwalimu wangu akaliweka jiwe juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, akaniita. Katikati palikuwa peusi tii. Akaniuliza, "Hiki ni kito au kichwa cha msumari?" Nikalirudisha gurudumuni mbele ya wenzangu. Lilitoka jepesi, na likaanza kuwaka.

Sababu ni hii. Mwanga ukiingia kwa juu unakwenda kugonga ukuta wa kitako. Ukigonga kwa kuinama vya kutosha, unarushwa ukuta wa pili, kisha unarudi machoni kwako. Ukigonga kwa kunyooka mno, chini ya nyuzi 24 na nusu hivi kutoka mstari unaosimama wima juu ya ukuta, unatokea upande wa nyuma na kupotea. Kwa hiyo pembe ya kitako haina uhuru mkubwa: mimi napenda 40.6 hadi 41, na taji 34 hadi 35. Zikitoka hapo kidogo, lazima zifidiane. Kitako kikisimama, taji lilale. La kwanza lako vyote viwili vimesimama, 41.4 kwa 36. Hapo hupati msumari, lakini jiandae kuona pete ya kijivu chini ya ukingo wa uso wa juu, mahali mwanga unapovuja.

Usiliabudu hata hilo neno "Excellent". GIA walianza kuupa mkato wa duara daraja mwaka 2006, na daraja hilo la juu ni pana, ndani yake wamo wazuri na wamo waliopenya mlangoni kwa ubavu. Pia pembe za kwenye cheti ni wastani wa pande nane, tena zimekadiriwa: ya taji kwa kila nusu nyuzi, ya kitako kwa kila sehemu mbili za kumi. Upande mmoja ukiwa umelala na mwingine umesimama, wastani unatoka mzuri tu. Ndiyo maana lazima utazame.

Na usitazame chini ya zile taa. Taa za nukta nukta hata chupa ya soda zinaipamba. Omba kwanza alifute jiwe vizuri, kitako hasa, kwa sababu alama ya kidole cha mafuta inaua mwanga. Halafu nenda nalo mlangoni, kwenye kivuli, si juani. Lishike umbali wa kusoma kitabu, uligeuzegeuze polepole. Unatafuta weusi na weupe wanaopokezana kwa mpangilio, mishale minane inayoanzia katikati, na kung'aa kunakofika hadi ukingoni. Eneo linalobaki kijivu kila unavyogeuza ni kovu la mchongaji. Ukilisogeza karibu mno na uso, katikati patakuwa peusi kwa kivuli cha kichwa chako mwenyewe, usilionee.

Jiwe dogo lina huruma, kasoro hizi huzioni. Kwenye milimita nane kila uso ni mkubwa, kila kosa lina nafasi ya kukaa.

BintiMuscat anajibu:

Babu kasema kweli, lakini mie naogopa kaka yetu atatoka hapo akikimbilia upana tu. Mie niliingia mkenge wa upande wa pili. Nilinunua la karati mbili, milimita 8.5, nikafurahi nimepata kubwa kwa bei ya dogo. Kina chake asilimia 54, wala sikuuliza maana yake. Dukani lilimeta, wallahi. Siku ya harusi ya mdogo wangu nimekaa barazani, shangazi akanishika mkono akauliza, "Mbona jicho la samaki?" Nikatazama: ndani ya uso wa juu kuna duara jeupe limekaa kama lilivyo. Nimeambiwa baadaye ni mkanda wenyewe unajionesha, kwa kuwa kitako kimelala mno. Tangu siku ile sioni jiwe, naona samaki.

BabuGurudumu anajibu:

Pole mwanangu. Hilo nalo ni kuponea mizani: jiwe ghafi lilikuwa bapa, aliyelichonga akakataa kulipunguza upana. Hapo hata gurudumu halisaidii bila kupoteza uzito mwingi.

MzigoKkoo anajibu:

Wakuu nimerudi. Muuzaji hakufurahia habari ya mlangoni, ila alikubali, akanisindikiza na mlinzi, tukasimama watatu kwenye kivuli cha kibaraza kama tunagawana urithi. Nimeyageuza yote mawili karibu robo saa. Babu, ile pete ya kijivu ipo! Kwenye la kwanza inazunguka karibu nusu ya duara, na ukingoni jiwe linalala kabisa. La pili linawaka mpaka pembeni, na mishale nimeihesabu mara mbili, minane. Muuzaji mwenyewe alipoona nimeganda kwenye hilo akaacha hotuba ya mbili kamili.

Nimelipa la pili. Chenji inatosha mkufu wa binti. Swali moja limebaki: mama watoto akiniuliza ni karati ngapi, niseme "moja na kitu"?

BabuGurudumu anajibu:

Mwambie milimita nane. Na kila wiki aioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, apige mswaki kwa chini. Mafuta ya nazi yanapenda kukaa kitakoni.